Simu mpya inapoanza kusumbua: dalili, chanzo na pa kuanzia

Malalamiko ya simu mpya hujirudia: chaji haikai, intaneti haifunguki, bando limeyeyuka, kioo kinakuwa cheusi katikati ya maongezi. Mara nyingi simu yenyewe ni nzima, na kinachosumbua ni mpangilio, kava, kebo au laini. Nalisisitiza hili kwa sababu mteja anayekimbilia kwa fundi yeyote aliye karibu anaweza kupoteza vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni waranti, maana simu ikishafunguliwa nje ya kituo kinachotambuliwa na mtengenezaji, kwa kawaida dhamana inakufa hapo hapo. Cha pili ni picha, namba na meseji zake, maana wapo mafundi ambao dawa yao ya kwanza kwa kila ugonjwa ni kuflashi, yaani kuiwekea simu mfumo wake upya. Kuflashi kwa kawaida hufuta kila kitu, na kwa simu ya wiki mbili ni nadra sana kuwa ndiyo tiba inayohitajika.

Kwa hiyo tunaanza na yasiyogharimu hela. Majina ya menyu hapa ni ya simu za Android zilizowekwa Kiswahili, na yanaweza kutofautiana kidogo kati ya Tecno, Samsung, Infinix, Xiaomi na nyinginezo. Kama yako iko kwa Kiingereza, fuata alama: gia ndiyo Mipangilio. Na kabla ya lolote, izime kabisa simu kisha uiwashe. Simu nyingi hukaa wiki nzima bila kuzimwa, na programu iliyokwama huachia hapo.

## Chaji inaisha haraka

Sababu ya kwanza ni upya wenyewe. Siku mbili tatu za mwanzo simu inashusha masasisho, inarudisha picha na namba kutoka akaunti ya Google, inapanga picha kwa sura na tarehe. Kazi hiyo inakula betri hata simu ikiwa mfukoni. Ipe siku hizo kabla ya kuihukumu.

Inayofuata ni kioo. Vioo vya sasa ni vikubwa, na mwanga ukiwa juu kabisa kutwa nzima betri haiwezi kufika jioni. Washa mwanga unaojirekebisha wenyewe, weka kioo kijizime baada ya sekunde 30, na kama simu yako ina chaguo la kioo cha 90 au 120 hezi, yaani mara ambazo kioo hujichora upya kila sekunde, irudishe kwenye 60 uone tofauti.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalidhanii: mtandao dhaifu. Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi na hutafuta mtandao bila kupumzika. Ndiyo maana simu inayofika usiku na chaji ukiwa mjini inaweza kuzima mchana ukiwa kijijini au ndani ya basi la masafa. Kama 4G inakuja na kupotea, chagua 3G kwa muda. Na kama umeweka laini ya pili ambayo huitumii na haina mtandao mahali ulipo, izime kwenye Mipangilio. Laini hiyo inanyonya betri bure.

Baada ya hapo angalia programu. Fungua Mipangilio, Betri, kisha matumizi ya betri, uone nani anakula zaidi. Mchezo ulioucheza kwa saa tatu una haki ya kuwa juu. Tochi uliyoifungua mara moja haina haki hiyo, iondoe.

Betri yenyewe kuwa mbovu ndiyo sababu ya mwisho kwa simu mpya, na kuna njia ya kuipima. Jaza chaji usiku, weka hali ya ndegeni, ulale. Asubuhi ikiwa imeshuka asilimia mbili au tatu, betri ni nzima na mlaji ni kitu kingine. Ikiwa imeshuka kumi na zaidi bila kuguswa, au inaruka kutoka 40 hadi 15 kwa mkupuo, irudishe dukani ikiwa na risiti.

Ule ushauri wa kuchaji simu mpya kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha ni wa enzi za betri za nikeli. Betri za lithiamu za leo haziuhitaji, na kuziacha zikauke hadi sifuri kila mara ndiko kunakozichosha. Zinapenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80.

## Haiingizi chaji, au inachaji polepole sana

Anza na kebo. Kebo ndiyo hufa mara nyingi zaidi, na hufia ndani pale shingoni bila kuonyesha jeraha. Azima nyingine nzima ujaribu. Kisha badilisha chaja, kisha soketi, kwa mpangilio huo, kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua mbaya ni nani.

Kama inachaji lakini kwa kujikokota, soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja, penye neno OUTPUT, yaani umeme unaotoka. Simu nyingi za sasa zina betri ya mAh 5000, na boksi linasema wati 18, 33 au zaidi. Ukiichomeka kwenye tundu la kawaida la kompyuta linalotoa volti 5 kwa nusu ampea, unaipa wati 2.5 tu, na kuijaza kutachukua zaidi ya saa nane. Hapo simu haina kosa. Chaja feki nazo huandikwa wati nyingi zisizotoa. Dalili zake ni wepesi usio wa kawaida mkononi, herufi zilizokosewa, na kioo kugusika ovyo wakati wa kuchaji, yaani kinaandika chenyewe au hakisikii kidole. Ukiona hilo la kioo, chomoa, na chaja hiyo usiitumie tena.

Kinachofuata ni tundu la chaji kujaa vumbi na nyuzi za mfukoni. Kebo haizami mpaka mwisho, inalegea. Zima simu, mulika tundu, toa uchafu taratibu kwa kijiti chembamba cha mbao. Sindano na pini usizitumie: zinaunganisha meno yaliyo ndani na kuyaunguza.

Simu ikikuambia kuna unyevu tunduni, iamini. Igeuze tundu liangalie chini, igonge polepole kwenye kiganja, iache penye upepo mpaka onyo liondoke. Usiifukie kwenye mchele: chembe na unga wake huingia tunduni, na hata Apple wanawakataza wateja wao kufanya hivyo. Kikaushia nywele nacho kiache. Maji ya bahari ni habari nyingine kabisa, kwa sababu chumvi inabaki ndani na kula shaba baada ya maji kukauka. Simu iliyotumbukia Coco Beach au Nungwi izimwe papo hapo, isichajiwe kwa majaribio, ipelekwe kwa fundi wa kituo siku hiyo hiyo. Hata simu yenye IP68, ile alama ya kuhimili maji na vumbi, ilipimwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi.

Simama hapa: mgongo wa simu umevimba, kioo kinabanduka pembeni, kuna harufu kali ya kemikali, au tundu limeyeyuka. Usichaji, usibonyeze, usiruhusu mtu kutoboa betri ili kutoa hewa. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto mkononi. Iweke juu ya saruji au vigae, mbali na godoro na mapazia, na kazi hiyo iwe ya fundi.

## Inapata moto

Joto la kiasi wakati wa kuchaji, kupiga simu ya video au kucheza mchezo ni la kawaida. Kinacholeta joto baya ni kuchanganya kazi: unachaji, umewasha hotspoti, na juu yake unatazama mpira. Ondoa moja kati ya hayo. Vua kava wakati wa kuchaji, na usichaji chini ya mto. Waendesha bodaboda wanaofunga simu kwenye usukani wakifuata ramani wana tatizo la jua moja kwa moja. Watengenezaji wengi hushauri simu itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na Februari ya Dar es Salaam au Mombasa inakaribia hapo hata kivulini. Usiitie kwenye friji ipoe haraka, unyevu utaganda ndani.

Ikiwa moto hata ukiwa huifanyii chochote na hali ya ndegeni imewashwa, rudi kwenye lile onyo la betri hapo juu.

## Intaneti haifunguki, au menyu ya pesa haiji

Hili ndilo linalowapeleka wengi kwa fundi, na ndilo fundi asilopaswa kuligusa.

Je, bando lipo? Je, lipo kwenye laini ile inayotumika kwa data? Simu ya laini mbili huchagua moja, na mara nyingi mtu ameweka bando kwenye Vodacom huku simu inavuta data ya Airtel. Fungua Mipangilio ya laini uone data imepewa ipi. Kisha washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika, izime. Kisha kagua tarehe na saa: zikiwa zimekosewa, tovuti nyingi na WhatsApp hugoma kufunguka hata kama mtandao ni mzuri. Weka zijirekebishe zenyewe.

Bado? Huenda laini yako ni ya zamani. Kadi iliyokatwa kwa mkasi miaka ya 2G inaweza kupiga simu vizuri na isipande 4G kabisa. Duka la mtandao husika litakubadilishia kadi, namba ileile. Mwisho kabisa ni APN, yaani anwani ambayo simu hupitia kwenda intaneti. Kwa Safaricom ni neno safaricom, na kwa mitandao mingi ya Tanzania ni internet. Simu zilizoletwa kutoka Dubai au Uingereza ndizo huja bila anwani hiyo.

Menyu ya pesa, *150*00# ya M-Pesa Tanzania au *334# ya Kenya, ikijibu kwamba msimbo si sahihi, kwanza hakikisha umepiga kwa laini inayohusika. Kosa la laini ndilo huongoza. Likiendelea, hamia 3G ujaribu tena, halafu washa simu upya. Kwa Tanzania, piga *106# uone kama laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ikiwa simu haishiki mtandao wowote kwa laini yoyote, fanya jaribio hili: weka laini yako kwenye simu ya jirani, na ya jirani kwenye simu yako. Laini yako ikifanya kazi kule na ya jirani ikagoma kwako, tatizo liko kwenye simu. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, uilinganishe na ya kwenye boksi. Ukiwa Tanzania itume kwa ujumbe kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine, au lisiitambue, umeuziwa feki. Kenya ilizima simu feki mwaka 2012, Tanzania Juni 2016, na simu iliyoripotiwa kuibwa nayo inaweza kufungiwa. Hapo ni kurudi kwa muuzaji. Mtu akikuambia atakubadilishia IMEI, ondoka: ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya Tanzania ya mwaka 2010, na anayekutwa na simu ni wewe.

Simama hapa: laini ikikuomba PIN na ukakosea mara tatu, itataka PUK, namba ndefu ya kuifungulia kadi. Ukikosea PUK mara kumi, kadi inakufa moja kwa moja. Usibahatishe. Piga huduma kwa wateja, kwa Tanzania ni 100, ukitumia simu nyingine ya mtandao huohuo.

## Bando linayeyuka

Simu mpya inashusha masasisho bila kukuuliza. Fungua Play Store, mipangilio ya mtandao, weka programu zisasishwe kwa waifai pekee. Ingia WhatsApp, hifadhi na data, uzuie picha na video kujishusha zenyewe kwa data ya simu: kwa mtu aliye kwenye magrupu ya harusi na ya ukoo, hili peke yake linaokoa sehemu kubwa ya bando. Kisha punguza ubora wa video TikTok na YouTube, zima kuhifadhi picha Google kwa data, na uwashe Kiokoa Data. Hotspoti iwe na nenosiri, hata nyumbani.

## Kioo kinakuwa cheusi ukiongea, au sauti inasikika kwa mbali

Karibu na spika ya sikioni kuna kihisi kinachozima kioo simu inapokaribia shavu. Protekta pana, au ile yenye ukingo mweusi ulioteleza kidogo, hukiziba, nacho huamini kila mara uko sikioni. Bandua protekta, piga simu tena. Ikikaa sawa, nunua iliyotengenezwa kwa modeli yako hasa, usikubali inayofanana.

Sauti ndogo nayo mara nyingi ni ile plastiki ya kiwandani isiyobanduliwa, au simu bado imeunganishwa na spika za masikioni zilizobaki chumba cha pili. Zima Bluetooth ujaribu. Mwenzako asipokusikia, angalia kava kama limeziba kitundu cha maikrofoni chini ya simu. Kitundu hicho usikichokonoe. Alama ya kidole ikigoma baada ya kuweka protekta, futa ile uliyosajili uisajili upya protekta ikiwepo.

## Meseji za WhatsApp haziingii mpaka uifungue

Simu inailaza ili kuokoa betri. Bonyeza aikoni yake kwa muda, fungua maelezo ya programu, betri, chagua isiwekewe kikomo. Kwenye Tecno, Infinix na Xiaomi kuna sehemu nyingine ya kuruhusu programu kujiwasha yenyewe, nayo iwashe. Fanya hivyohivyo kwa programu ya benki.

## Matangazo yanajitokeza yenyewe

Hapa niombe usome bila haraka, maana ndipo hela za watu zinapopotelea.

La kawaida na lisilo na madhara: programu zilizokuja na simu, hasa za bei nafuu, hurusha matangazo kwenye arifa. Telezesha kioo chini, bonyeza tangazo kwa muda, zima arifa zake. Linalofuata ni tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa kwa kubonyeza Ruhusu bila kusoma. Lifute kwenye Chrome, mipangilio ya tovuti, arifa.

Tangazo likifunika kioo kizima ukiwa hata hujafungua kitu, mkosaji ni programu uliyoiweka: tochi, kisafisha memori, kibodi ya mapambo. Likitokea, bonyeza kitufe cha programu za karibuni uone aikoni ya aliyelileta, kisha isanidue. Ikikataa kuondoka, washa simu katika hali salama: shikilia kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza kwa muda neno la kuzima mpaka hali salama itokee. Humo programu ulizoweka mwenyewe huwa zimelala, nawe unaweza kuziondoa.

Hatari ya kweli ni faili la APK, yaani faili la kuweka programu bila kupitia Play Store, lililokuja kwa WhatsApp au kiungo: mkopo wa haraka, mpira wa bure, kadi ya mwaliko. Likiomba ruhusa ya Ufikivu, ile iliyowekwa kusaidia watu wasioona, kataa. Ruhusa hiyo huiwezesha programu kusoma kila kilicho kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Programu za mikopo zinazodai namba zote za simu yako nazo zikatae, maana namba hizo ndizo baadhi yao huzipigia kukudhalilisha unapochelewa kulipa.

Simama hapa: kama umeshaipa programu ya namna hiyo ruhusa na una benki au pesa kwenye simu hiyo, zima data na waifai sasa. Kwa kutumia simu nyingine, piga benki na mtandao wako waizuie akaunti, kisha ubadilishe namba ya siri ukiwa kwenye simu safi. Simu yenyewe irejeshwe kwenye hali ya kiwandani kupitia Mipangilio. Hapa ndipo kufuta kila kitu kunapokuwa na maana.

## Inastaki, na memori imejaa

Simu ya GB 64 haikupi 64: mfumo wenyewe huchukua sehemu kubwa. Na tangazo la RAM 8, yaani memori ya kufanyia kazi, lililoandikwa kwa udogo 4+4 maana yake ni GB 4 za kweli, na nyingine 4 zilizoazimwa kutoka hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi. Muulize muuzaji kabla ya kulipa. Kwa uliyonayo, acha asilimia 10 hadi 15 ya hifadhi wazi, anza kufuta video zilizotumwa mara nyingi ndani ya WhatsApp, na kisafisha memori cha kupakua usikiweke.

## Imejifunga na inadai akaunti

Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyorejeshwa kwenye hali ya kiwandani kwa nguvu hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Kama umenunua ya mkononi, mwenye akaunti ndiye pekee wa kukufungulia kihalali. Kama ni yako, jua barua pepe na nenosiri lako kabla ya kurejesha kiwandani. Wengi walifunguliwa akaunti na muuzaji dukani na hawaijui: nenda ukaiulize leo. Simu ya kulipia kidogokidogo hujifunga malipo yakichelewa. Hiyo ni kazi ya mkopeshaji, na kuiflashi kutakuletea kesi tu.

## Ukilazimika kuipeleka

Pata kituo cha chapa yako. Kwa Tecno, Infinix na itel ni Carlcare. Hifadhi nakala ya picha na WhatsApp, toa laini na memori kadi, beba risiti na boksi. Fundi anaweza kuhitaji namba ya kufungulia kioo. Namba ya siri ya pesa hahitaji kamwe, wala tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp. Mwandikishe tatizo na hali ya simu kwenye karatasi ya mapokezi, ukitaja mikwaruzo iliyopo. Ukienda kuichukua, usitoke kaunta kabla hujapiga simu moja, hujachomeka chaja, na hujafungua kamera ya mbele na ya nyuma.